Njia Safi

Waliniita kwa sababu nina ndimi mbili
na shati moja jeupe.
Faranga elfu kumi na tano kwa alasiri nzima,
kusimama kati ya injinia na watu wa Ruashi
katika darasa la shule ya msingi,
viti vyake vimekatwa kwa kipimo cha magoti ya watoto.

Ramani ya plastiki ilitundikwa ubaoni
ikafunika jedwali la kuzidisha.
Mstari mwekundu ulitoka mjini
ukafuata barabara ya Kasenga, wima,
kama mshono wa fundi
asiyempima mwenye nguo.

Injinia Tshilumba akasema kwa Kifaransa cha taratibu:
basi kubwa litapita katikati, *en site propre*.
Akanitazama.
Nami kwa haraka, kwa njaa, kwa kuogopa kimya,
nikasema: "Basi litapita mahali safi."

Mama Chilufya wa vitumbua akainuka,
kiti kikainuka naye, kimemng'ang'ania nyonga.
"Mwanangu, muulize.
Kama pale katikati ndipo pasafi,
sisi wa kando ni nini?"

Wakacheka, kicheko chenye mfupa ndani.
Nikaligeuza swali, nikalipunguza makali.
Nakiri.
Nikasema, huyu mama anauliza habari za usafi.
Injinia akafurahi,
akaeleza kwa dakika tano juu ya mapipa ya taka.

Ndipo Kaumba akanyosha mkono, mweusi hadi kiwiko,
Kaumba asukumaye makala siku mbili njiani,
magunia manne juu ya baiskeli isiyo na kanyagio.
"Mimi sipandi basi. Makala hayapandi basi.
Kwenye hiyo picha mimi niko wapi?"

Hili sikulipunguza.
Injinia akapitisha kalamu juu ya mstari,
akaenda nao, akarudi nao.
"Hayupo," akasema.
Nikageuka: "Haupo."
Siku ile sikusema neno fupi kuliko hilo,
wala zito.

Baada ya hapo hakuna aliyengoja kutafsiriwa.
Hapo mlipoandika kituo cha nne pana kichuguu!
Matofali ya nyumba yetu yametoka humo,
ya jirani pia, na bado kimesimama.
Na hapa Januari maji hushuka na viatu vya watu.
Na hapa watoto huvuka, saa moja kasoro, wote kwa mpigo.
Wakachukua chaki ya mwalimu.
Chaki haishiki kwenye plastiki,
iliteleza tu, ramani ikabaki inang'aa,
basi wakachora pembeni yake, ubaoni,
wakisukumana, bibi mmoja akichora kwa kidole na mate
mahali anapouza munkoyo.

Jua lilipofika dirishani injinia akaikunja ramani.
Ubaoni kukabaki mraba mweusi,
pande zote umezingirwa na maji, kichuguu, lango la shule,
baiskeli moja yenye magurudumu yasiyolingana;
ndani yake, saba mara nane, bila jibu.
Alisimama mbele yake, ramani kwapani,
muda mrefu kuliko alivyosema chochote.
Kisha akatoa simu akapiga picha.
Sijui aliipeleka wapi.

Nililipwa elfu kumi na mbili. Zilizobaki, baadaye.

Njiani nikamfikia Mama Chilufya, ndoo kichwani.
Nikamwomba radhi kwa lile neno.
Nikamwambia, labda ningesema "njia ya peke yake".
Hakupunguza mwendo.
"Njia ya peke yake ni ya marehemu," akasema.
"Tafuta lingine."

Wanarudi Jumatatu.
Shati nimelifua, limekauka tangu jana.
Neno bado.